RAV4 inayogonga ikibadili gia: pima kwanza, gia boksi ingojee

Swali: "Shikamoo fundi. Nina RAV4 ya mwaka 2003, oto, injini ya 2.0, inavuta magurudumu yote manne. Niliinunua mkononi Dar es Salaam mwaka jana, sasa niko nayo Iringa. Asubuhi inabadili gia vizuri kabisa. Nikishatembea kama nusu saa, hasa nikipanda mlima wa Kitonga, ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili inagonga mpaka abiria wanageuka kuniangalia. Nikitoa P kuweka R nayo inashtuka. Taa ya check engine huwaka leo, kesho haipo. Mwezi uliopita nilibadilisha haidroliki (mafuta ya gia boksi), hakuna nafuu. Fundi wangu anasema gia boksi imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Ni kweli? Dada yako, Iringa."

Marahaba, dada.

Gia boksi yako inaweza kuwa nzima. Sisemi ni nzima. Ninachosema ni kwamba katika yote uliyoandika hakuna lililothibitisha kuwa imekufa, na mawili kati ya hayo yananielekeza kwingine: taa inayowaka na kupotea, na ugonjwa unaosubiri gari lipate moto ndipo ujitokeze.

Kabla hujamrudia fundi, kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe bila kutoa hata shilingi. Endesha mpaka gari lipate moto na lianze kugonga, kisha kwenye barabara tulivu kanyaga mafuta kwa wastani huku mtu uliyekaa naye akiutazama mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) wakati gia ya kwanza inakwenda ya pili. Mshale ukipanda ghafla, injini ikanguruma bila gari kuongeza mwendo, halafu ndipo likagonga, hapo gia imeteleza kwanza na ikashika kwa kishindo. Mshale usipopanda, ukashuka moja kwa moja pamoja na kishindo, gia haikuteleza hata kidogo. Imeshika, tena imeshika kwa nguvu kupita kiasi.

Haya ni magonjwa mawili tofauti, na gereji nyingi huyatia kapu moja. Kuteleza huelekea kwenye klachi pleti zilizolika, sili zilizokakamaa au haidroliki pungufu. Kushika kwa nguvu huelekea kwenye presha kubwa, na presha ya gia boksi yako inaamuliwa na umeme.

Nieleze kidogo, maana ukilielewa hili hutababaishwa. Ndani ya gia boksi ya oto kuna mafungu ya klachi pleti zinazobanwa na haidroliki yenye presha. Kontrol boksi ya injini, yaani kompyuta yake, inasoma umekanyaga mafuta kiasi gani, gari linakwenda mwendo gani na haidroliki ina joto gani, kisha inapeleka umeme kwenye solenoidi (valvu ndogo za umeme) zilizo kwenye valvu bodi, sehemu inayogawa haidroliki. Katika gia boksi za Toyota za familia ya U140 na U241, ambazo ndizo zilizofungwa kwenye RAV4 ya umbo la pili (ile iliyotoka mwaka 2000 mpaka 2005), kuna solenoidi inayoitwa SLT. Kazi yake ni kupunguza presha kuu ili gia zishikane kwa upole. Umeme wake ukikatika, presha inapanda hadi mwisho. Waliobuni walikusudia iwe hivyo, kwa sababu presha kubwa inagonga lakini haiunguzi pleti, ila presha ndogo ingeziunguza ndani ya safari moja. Na kontrol boksi yenyewe ikihisi kuna solenoidi isiyojibu, huamua kuibeba gia boksi kwa presha kubwa. Kwa hiyo mara nyingine kile kishindo ni gia boksi inajilinda.

Sasa kuhusu hilo gari lako hasa. Nchini Marekani, RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilipata sifa mbaya kwa dalili hizi hizi: kishindo kizito kwenye kubadili gia, taa ya check engine, na wenye magari wakaambiwa gia boksi zimekufa. Chanzo kikaonekana kuwa kontrol boksi. Toyota ya huko ikaongeza dhamana ya kontrol boksi za magari hayo mpaka miaka 10 au maili 150,000. Kuna walioshabadilisha gia boksi kabla ya hapo, na nyingine mpya ikaanza kugonga vilevile, kwa sababu bwana mkubwa anayetoa amri alibaki yuleyule. Dhamana hiyo haikuhusu gari lako la kutoka Japani, na injini ya Marekani haikuwa sawa na yako, lakini familia ya gia boksi ni ileile na namna ya kuziamuru ni ileile. Ndiyo maana nikisikia RAV4 ya miaka hiyo inagonga ikipata moto, sianzi na jeki ya kushushia gia boksi.

Lakini pia sianzi na kontrol boksi. Naanza na haidroliki, hasa kwa kuwa umesema imebadilishwa na tatizo halikuondoka.

Niambie iliyowekwa ni ipi. Gari lako linataka Toyota ATF Type T-IV. Mara nyingi hata kijiti cha kupimia kimeandikwa hivyo. Huko madukani utauziwa Dexron, haidroliki ya aina nyingine, kwa maelezo kwamba "zote ni haidroliki, zote nyekundu". Rangi si kitu. Namna haidroliki inavyozifanya pleti zing'ang'aniane wakati wa kushikana inatofautiana, na tofauti hiyo dereva huihisi kama kishindo au mtetemo. Toyota WS nayo ni ya gia boksi za baadaye, usikubali kuchanganyiwa. Na tukiwa hapo hapo: RAV4 ya umbo la tatu iliyouzwa ndani ya Japani kuanzia mwishoni mwa 2005 nyingi zina CVT (gia boksi ya mkanda isiyo na hatua za gia), ambayo inataka mafuta yake peke yake. Fundi aliyezoea hizo anaweza kukushauri kitu kisichohusu gari lako kabisa, na kinyume chake.

Kisha kipimo. Haidroliki haipimwi kama oili ya injini. Gari lisimame pahali tambarare, limetembea mpaka haidroliki imefika nyuzi joto 70 au 80 hivi, injini ikiwa inaunguruma, mguu kwenye breki. Pitisha leva kwenye kila nafasi kutoka P mpaka L na urudishe P, ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe na kukichomoa tena. Soma upande ulioandikwa HOT. Ikipungua, pampu inavuta hewa na gia zinateleza kisha kugonga. Ikizidi, inachafuka kwa povu, na povu halina presha ya kuaminika. Fundi anayemwaga kisha kujaza kwa kukadiria kwa macho, injini ikiwa imezimwa, huacha gari katika moja ya hali hizo mbili.

Utakapochomoa kijiti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Jekundu au jekundu lililofifia ni zuri. Kahawia ni uzee. Jeusi lenye harufu ya kuungua, hapo natikisa kichwa, maana pleti zimeshaanza kuungua. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, simamisha gari siku hiyo hiyo: maji ya rejeta yameingia kwenye haidroliki kupitia kipoza kilicho ndani ya rejeta, na gundi ya pleti haivumilii maji. Jambo jingine ambalo huenda hukuambiwa ni kwamba ukimwaga mara moja hutoi haidroliki yote. Nyingi inabaki kwenye toki konveta (kiungo cha injini na gia boksi) na kwenye njia za kupozea. Kama iliyokuwemo ilikuwa chafu au ya aina nyingine, ile mpya yako sasa ni mchanganyiko. Dawa ni kumwaga na kujaza tena mara kadhaa, ukiendesha siku chache katikati. Mashine ya kusukuma haidroliki yote kwa mkupuo siipendi kwa gia boksi yenye historia isiyojulikana, na gari lililonunuliwa mkononi halina historia, lina hadithi.

Hakikisha pia walimwaga mahali sahihi. Gari la magurudumu manne kama lako lina oili nzito peke yake kwenye transfa (inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) na nyingine kwenye difu ya nyuma, na nati za kumwagia huwachanganya vijana wa gereji. Nimeona gari lililomwagwa transfa likajazwa gia boksi: transfa imebaki kavu na gia boksi imefurika.

Umeandika kwamba linashtuka pia ukitoa P kwenda R. Hiyo peke yake isikutishe, kwa sababu ina sababu nyingi zisizo na uhusiano na gia boksi. Fungua boneti, vuta handbreki, mwenye gari abane breki ya mguu sawasawa na mtu asimame ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Peleka leva R, kisha D, taratibu. Injini ikiruka kwa kuinuka upande mmoja, maunti (kishikio cha injini) imekatika, na kishindo unachokisikia ni chuma kinapiga chuma. Barabara zetu zinakula maunti kuliko zinavyokula gia. Kwa gari lako ongeza kukagua vipira vya kushikia difu ya nyuma na misalaba ya propela shafti: mtu aingie chini, gari likiwa limezimwa na magurudumu yamewekewa vigingi, ashike propela aitikise. Uchezaji mkubwa hapo unagonga kila nguvu inapogeuka upande.

Sailensi nayo, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Kama kifuniko cha injini yako kimeandikwa D-4, hiyo ni 1AZ-FSE, inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa kuziosha, kwa hiyo masizi hujijenga humo na kwenye throtoli. Sailensi ikiwa juu, kuingiza R au D lazima kushtue. Na injini ikikosa nguvu au ikipiga misi, kontrol boksi inapata picha isiyo sahihi ya mzigo na kuchagua presha isiyofaa. Safisha throtoli, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake, angalia plagi na koili. Ni kazi ya nusu siku, na kwa D-4 mimi huifanya hata bila kuambiwa.

Halafu ile taa, ambayo ndiyo shahidi wako mkuu. Kwanza geuza ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini: taa ya check engine lazima iwake. Isipowaka, kuna aliyeitoa balbu kabla hujauziwa, au aliyeiunganisha na taa nyingine ili zizimike pamoja. Ikiwa iko sawa, nenda ukasome kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kontrol boksi) kabla mtu hajagusa betri. Nasisitiza hili kwa sababu kuchomoa waya wa betri ni tiba pendwa mitaani. Kunafuta kodi zote, na pia kunafuta kile kontrol boksi ilichojifunza juu ya gia boksi yako. Gari linaweza kutulia siku mbili tatu, ukasema limepona, kisha likarudi kule kule, na ushahidi umeshafutwa.

Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vya kusomea kodi vinavyounganishwa na simu mara nyingi havielewani na magari ya soko la Japani ya miaka hiyo, hata kama soketi ni ileile ya matundu 16. Kisiposoma kitu usiseme gari halina kodi. Tafuta mwenye mashine inayojua Toyota za Japani. Akikosekana, fundi umeme mzoefu ataunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi hiyo, funguo ikiwa ON, na kuhesabu taa inavyopepesa. Awe mzoefu kweli, maana kukosea tundu ni kuunguza kitu.

Kodi za kati ya P0750 na P0770 zinahusu solenoidi za kubadilishia gia. Zinazoishia na 3 au 8, mfano P0753 au P0758, ni za umeme wa solenoidi: waya umekatika, umegusana, au solenoidi yenyewe imekufa. Hazisemi kamwe kwamba pleti zimelika. Fundi akikuonyesha P0753 kwenye mashine na kusema "umeona, gia boksi", amesoma namba bila kusoma maana yake.

Hapo ndipo multimita (kifaa cha kupimia umeme) inapoingia, na ndipo utakapojua kama fundi wako anajua umeme. Solenoidi za SL1, SL2 na SLT zinatakiwa ziwe na ukinzani wa omu 5.0 hadi 5.6 zikiwa baridi, nyuzi joto 20 hivi. S4 na DSL, solenoidi nyingine za humo humo, ni omu 11 hadi 15. Zipimwe mara mbili: kwenye plagi ya waya za gia boksi, kisha kwenye plagi ya kontrol boksi ikiwa imechomolewa, mwisho wa waya. Na zipimwe gari likiwa limepata moto, kwa sababu huo ndio wakati ugonjwa wako unajitokeza. Ukinzani utapanda kidogo kwa joto, hilo ni kawaida, usipande kupita kiasi au kupotea. Vipimo vikiwa vizuri kwenye gia boksi na vibaya mwisho wa waya, ugonjwa ni waya. Vikiwa vibaya kwenye plagi ya gia boksi, ni solenoidi au nyaya zake za ndani, na hizo hubadilishwa kwa kushusha sampu (bakuli la chini la gia boksi) na valvu bodi, gia boksi ikiwa pale pale kwenye gari. Vikiwa vizuri pande zote mbili na kodi bado inarudi gari likipata moto, sasa tumefika kwenye kontrol boksi.

Kabla ya kuihukumu, piga mswaki waya za hasi: betri kwenda bodi, betri kwenda gia boksi, injini kwenda bodi. Kutu ya Dar husafiri na gari mpaka Iringa. Pima pia chaji injini ikiunguruma, taa na feni zikiwa zimewashwa. Volti zikishuka chini ya 13.5 au kupanda zaidi ya 14.5 hivi, tengeneza altaneta kwanza, maana solenoidi zinategemea umeme ulio sawa.

Kontrol boksi ya RAV4 kwa kawaida iko nyuma ya sanduku la dashibodi, upande wa abiria. Njia nzuri kuliko zote ya kuijaribu ni kuazima nyingine kutoka gari lililo sawasawa na lako. Namba iliyo kwenye lebo huanza na 89661-42, na tarakimu zinazofuata lazima zilingane zote. Kama ufunguo wako una chipu ya kuzuia wizi, iliyoazimwa haitawasha gari bila kusomwa upya, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia. Wapo mafundi wa elektroniki wanaoweza kuifungua na kuchoma upya risasi kwenye viungo vilivyopasuka, na kiungo kilichopasuka kina tabia ile uliyoniandikia: kikiwa baridi kinagusana, kikipata joto kinaachana.

Nisije nikaonekana naitetea gia boksi kwa upofu. Zipo hali ambazo fundi wako atakuwa sahihi. Mshale wa RPM ukipanda kabla ya kishindo hata baada ya haidroliki sahihi kuwekwa kwa kipimo sahihi, ni mbaya. Gari likichelewa kushika: Toyota inataka kutoka N kwenda D kusizidi sekunde 1.2, na N kwenda R kusizidi sekunde 1.5, haidroliki ikiwa na moto. Ukihesabu mpaka tatu ndipo lishike, sili au pleti zimechoka. Sampu ikishushwa, tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida, lakini vipande vya chuma unavyovihisi kwa vidole au vipande vyeusi vya pleti ni hukumu. Kuna pia akumuleta, vipistoni vidogo vyenye springi vinavyopunguza makali ya kushikana. Sili zake zikifa, gia hugonga bila kuteleza na bila kodi yoyote, na huo ni ugonjwa wa ndani. Hutokea, lakini hauwashi taa, na yako inawaka.

Kuna fundi atakayetaka kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja gia ikiwa D ili apime nguvu ya toki konveta. Kipimo hicho kipo kwenye vitabu vya Toyota, kwa sharti kisizidi sekunde 5. Nimeona watu wakikifanya kwa kujionyesha mpaka haidroliki inanuka. Usikubali kifanywe gari likiwa katika hali hii kabla kodi hazijasomwa.

Ikithibitika kweli kwamba gia boksi ndiyo imekwisha, ya mtumba iwe ya gari la magurudumu manne na ya injini ileile, ije pamoja na toki konveta yake, na usikubali kufungwa bila mipira ya kupitishia haidroliki na kipoza kusafishwa, maana uchafu wa ile ya zamani umejificha humo. Mkubaliane kwa maandishi nani analipa kazi ya kushusha ikiwa nayo itagonga. Na kama zile waya na kontrol boksi hazikupimwa, basi kwa gari lako hata hiyo mpya naitilia shaka.

Kwa sasa endesha kwa upole, usibebe mzigo mkubwa kupanda Kitonga, na ikianza kugonga kwa mfululizo simama ipoe. Likikwama barabarani usiruhusu livutwe magurudumu yakiwa chini, ya mbele wala ya nyuma. Lipande juu ya gari la kubebea. Ukishasoma kodi, niandikie namba zote kama zilivyotokea, aina ya haidroliki iliyomo, na mshale wa RPM ulifanya nini.